Njia ya Kumi

Mistari yote kumi ilitokea siku ile, minene na iliyonyooka, nikapiga makofi ya furaha peke yangu mle maabarani. Kisha nikageuka kuchukua kalamu. Kichupa cha kingamwili ya kwanza kilikuwa bado kimekaa kwenye barafu yake, kizibo kimebana, utepe wa kiwandani haujakatwa. Nilikuwa sijakifungua.

Naomba nieleweke vizuri, maana baadaye watu walisema mengi. Mimi si mzembe. Asubuhi ile nilikuwa nimeshapima maji ya kuchanganyia na kuyamimina kwenye sinia, nimekitoa kichupa kipya kwenye friji kiyeyuke taratibu, ndipo mama mkwe wangu alipogonga kioo cha dirisha akiwa na kibuyu cha maziwa mgando. Siku ya mstari huwa anakuja mapema, na ukimwacha kwenye mvua ya Tukuyu utayasikia mpaka Krismasi. Nikatoka, nikampokea kibuyu, akaniuliza kama nimekula. Niliporudi ndani, mkono wangu uliamini umeshafanya kazi ambayo haujaifanya. Nikaweka utando kwenye sinia, nikawasha mashine ya kutikisa, nikaendelea na mengine.

Kwa asiyeijua kazi yetu, iko hivi. Ndani ya kila seli hai kuna kimeng'enya tunachokiita hodi, kwa sababu kazi yake ni kupokea habari mlangoni mwa seli na kuipeleka chumba kwa chumba mpaka ndani kabisa. Jina lake la vitabuni ni herufi na namba, halitamkiki kwa mtu mwenye njaa. Seli yenye hodi, hata ikiwa imepoa kama jiwe la mtoni, inaweza kuamshwa. Isiyo na hodi imekwisha, na hilo halina ubishi.

Hodi haonekani kwa macho. Tunachukua tone la damu ya aliyelala, tunazipasua seli zake, tunazitia kwenye kishimo kimoja cha jeli na kuipitishia umeme. Vizito vinabaki juu, vyepesi vinateremka, kila mtu kwenye njia yake. Jeli ina njia kumi. Kisha tunavihamishia vyote kwenye utando mweupe, na hapo kingamwili zinaanza kazi. Ya kwanza imetoka kwa mbuzi na inamjua hodi kwa sura, ikimwona inamkamata. Ya pili hamjui hodi hata kidogo. Inachokijua ni kingamwili ya mbuzi tu, na ndiyo iliyobeba taa. Ya kwanza inamshika hodi, ya pili inaishika ya kwanza na kumulika, na kamera inauchora mwanga ule kama mstari wa wino.

Bila ya kwanza, ya pili haina wa kumshika. Utando wangu ulipaswa kuwa mweupe kama sanda.

“Mistari kumi kati ya kumi,” kamera ikasema kwa ile sauti yake ya kike isiyozeeka. “Nitume kwa familia?”

Nje ukumbini familia kumi zilikuwa zinangoja na mikungu yao ya ndizi. Nikagusa neno Subiri. Kwa miaka kumi na moja sikuwahi kuligusa.

Nilikaa nikijiuliza ile taa imemshika nani. Imemshika mbuzi, haina mwingine inayemjua. Mbuzi gani, na mimi sikumtia? Macho yangu yakaenda kwenye rafu ya mifuko ya maji ya mishipa, yale maji ya rangi ya chai hafifu yanayowalisha waliolala usiku na mchana. Yanatengenezwa kwa damu ya mbuzi wa kundi lile lile linalotupa kingamwili. Damu ikikamuliwa ikabaki maji, kingamwili za mbuzi zinabaki humo humo, na uzito wao ukikaribiana na wa hodi, kwenye jeli zitasimama pale pale anaposimama yeye.

Nikatoboa mfuko mpya, ambao haujawahi kuguswa na mtu. Nikachukua tone, nikaliendesha kwenye jeli peke yake, bila damu ya mtu yeyote. Baada ya saa mbili mstari ulitokea, mnene, umenyooka, mzuri kabisa. Mfuko wa plastiki ulikuwa umebisha hodi.

*

Daktari Asajile Mwaikenda, mkuu wa Nyumba ya Baridi, ni mtu mpole anayekunja mikono ya shati hata Julai. Aliziweka picha mbili juu ya meza yake, akaziangalia moja baada ya nyingine.

“Umerudia?”

“Mara mbili. Nimefungua mifuko mitatu tofauti, Daktari. Yote ina mstari.”

“Kyala wangu, Mungu wangu,” akasema, akavua miwani. “Kwa hiyo miaka yote hii tulikuwa tunapiga picha chakula chao.”

“Ndiyo.”

“Watu mia tatu na kumi na wawili.”

Wote wawili tunazijua namba hizo. Homa ya mabonde ilipowaangusha, hapakuwa na dawa, na hadi leo dawa iko njiani. Tunaambiwa hivyo kila mwaka. Tukawalaza kwenye baridi wangoje. Sheria ikasema mwenye mstari yu hai. Hazikwi, haliliwi, mke wake haolewi, jina lake hapewi mtoto. Kila nusu mwaka familia zinakuja kuchukua picha ya mstari wao, na wengine wanaihifadhi ndani ya Biblia, na wengine wameibandika sebuleni juu ya redio.

“Njia ya kumi ilikuwa ya nini zamani?” Daktari akauliza. Alikuja kwetu mwaka wa sita, akaikuta desturi imeshaota mizizi. Juu ya meza ya jeli kuna kibao kilichochongwa vizuri: KILA NJIA NI MTU. Wageni hupenda kupiga picha nacho.

“Ya maji matupu,” nikasema. “Tone la maji ya mishipa, bila mtu. Ilikuwa lazima ibaki nyeupe. Ikitoka na mstari unajua kipimo kinakudanganya.”

“Ingetuambia tangu wiki ya kwanza.”

“Ingetuambia. Zamani maji yalikuwa ya chumvi na sukari, njia ikawa nyeupe kila siku. Tulihamia maji ya mbuzi wiki ile ile ya homa.”

“Na nani aliiondoa hiyo njia?”

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, ingawa mimi sikuzaa vilevile.

“Mimi,” nikamwambia. “Jeli ya kwanza kabisa ya homa ilikuwa imejaa. Watu tisa na njia ya maji. Mume wangu alikuwa wa kumi, na jeli inayofuata ingekuwa keshokutwa. Sikuweza kungoja keshokutwa, Daktari. Nikamwaga maji, nikamweka Gwakisa. Alipotoka na mstari nilipiga magoti pale sakafuni. Kesho yake mwenzangu mmoja akaniomba na yeye njia ya kumi kwa ajili ya dada yake. Ningemnyimaje? Baada ya mwezi ikawa desturi, na baada ya mwaka wakachonga kibao.”

Alivaa miwani tena. Nilimwona akitafuta neno la kunilaumu na kulikosa, na ningependa zaidi angelipata.

“Kwenye friji ya chini tuna kingamwili ya kuku,” akasema mwishowe. “Ililetwa mwaka juzi. Walichanja kuku, wakaikamua kwenye kiini cha yai. Ina mwenzake wa pili anayemjua kuku tu. Hatukuifungua kwa sababu ile ya mbuzi haijawahi kutukosea.” Akacheka kidogo, bila furaha. “Waliolala hawana kuku kwenye mishipa.”

“Hawana.”

“Basi tuanze nayo kesho. Atakayetoka na mstari, ni Mungu. Atakayekosa, tutaandika amezimika mwaka huu.”

“Mwaka huu?”

“Bupe, dada yangu, nisikilize. Ukimwambia mtu mkewe amefariki juzi, atalia na atazika. Ukimwambia huenda alifariki miaka kumi na moja iliyopita, na wewe kila nusu mwaka ulikuwa unampa picha ya mbuzi, utakuwa umemuua mkewe mara mbili na yeye mara moja. Watalia kilio kimoja badala ya viwili. Ukweli wa kipimo tutakuwa tumeurudisha. Huo wa nyuma utamsaidia nani?”

Maneno yake yalikuwa na huruma, na huruma ndiyo iliyotufikisha pale. Lakini sitajifanya malaika. Yaliniingia kama chai ya moto siku ya ukungu.

“Na wewe,” akaongeza taratibu, “hakuna atakayekuuliza habari za njia ya kumi.”

“Nipe mpaka kesho,” nikasema.

Ukumbini Daktari aliwatangazia kwamba mashine ina hitilafu, warudi kesho. Waliondoka wakinipa pole kwa kazi. Mama mkwe wangu peke yake hakunipa pole. Alinitazama usoni, akachukua kibuyu chake kitupu, akaenda.

*

Alasiri niliingia kwa Gwakisa.

Safu ya tatu, kitanda cha kumi na tano. Unavaa koti la pamba na glavu, unaingia, mlango unajifunga nyuma yako na pumzi yako inakuwa wingu. Yuko chini ya kioo. Ngozi yake imepoteza ile rangi ya udongo wa mvua, lakini kovu la kidevuni lipo, lile la waya. Alikuwa fundi wa magari ya waya, yale yanayoteremsha ndizi na chai kutoka mlimani Rungwe mpaka barabarani. Kutwa nzima alikuwa ananing'inia juu ya mabonde akipaka grisi, na jioni alikuwa anacheka utani wake kabla hajausema.

“Ugonile,” nikamwambia. Kwetu ndivyo tunavyosalimiana, tunaulizana kama mtu amelala. Nikangoja kama ninavyongoja siku zote. Mazoea yana taabu.

Asubuhi aliyoondoka, homa ilikuwa bado haijamwangusha, alikohoa tu mara mbili tatu. Alisimama mlangoni anavaa koti lake la mvua, akanigeukia, akasema, “Nikirudi nikumbushe, nikuambie kitu.” Akaenda. Waliompandisha kwenye machela walimtoa kwenye gari la waya hajitambui.

Nikuambie kitu. Nimelilea neno hilo miaka kumi na moja, na ninawaambia wale wanaosema kwamba muda unaponya waje waniulize mimi. Kuna mwaka niliamini alitaka kuniambia habari za paa linalovuja. Kuna mwaka niliamini ameona kiwanja. Mwaka mmoja niliamini ni mwanamke mwingine, nikamkasirikia miezi minne mizima mtu aliyelala, na siku ya mstari nikamtia kwenye njia yake bila kumsalimia. Mara nyingi nadhani lilikuwa jambo dogo kabisa, na hilo dogo ndilo ninalolitaka kuliko yote.

Nilimtamani mume wangu. Nalisema hivyo hivyo lilivyo, na mwenye kuona haya na aone. Nilitamani uzito wa mkono wake tumboni kwangu na harufu ya grisi ambayo sabuni zote zilishindwa kuitoa. Nilitamani kugombana naye. Koti lile la mvua ningebaki nalo ningelala nalo, lakini mama yake aliligawa kwa jirani mwaka ule ule wa kwanza. “Koti lisilovaliwa linaota ukungu,” alisema, na mimi nikakaa mwezi mzima bila kumsemesha. Asiyekuwapo na lake halipo, lakini huyu alikuwapo! Nilikuwa na picha ya mstari wake mkobani, ningewezaje kumgawia watu koti lake?

Pale chini ya kioo nilipiga hesabu ya mwizi. Kichupa cha kuku kilikuwa kimoja, kinatosha jeli mbili tu. Vingine vingekuja mwezi ujao. Nikimweka Gwakisa jeli ya kesho, kesho nitajua. Nikimwacha mpaka mwisho kabisa wa orodha, kwa miezi kadhaa bado nina mume. Nikikubaliana na Daktari, nitakuwa na mume na heshima. Kila mlango ulikuwa wazi, na kwenye kila mlango nilijiona nikimwaga tone la maji ili nipate nafasi.

“Utanisamehe,” nikamwambia. “Safari hii unapanga foleni kama watu.”

*

Asubuhi nilianza na njia ya kumi. Ndiyo niliyoijaza kwanza: maji ya mishipa, bila mtu. Tone lilizama kwenye kishimo. Ndipo nikawajaza wale tisa wa kwanza wa safu ya tatu. Gwakisa nikamwandika jeli ya pili, ya Alhamisi, njia ya sita, kwa mpangilio wa vitanda.

Nilikata utepe wa kichupa cha kuku mbele ya Daktari Asajile, nikamwomba ahesabu kwa sauti matone ninayotia. Akahesabu. Tulikaa tukinywa chai bila kuangaliana.

Kamera ilipofungua picha, nilitazama upande wa kulia kabla ya yote. Njia ya kumi ilikuwa nyeupe. Haikuwa na doa wala kivuli. Sijawahi kukiona kitu kizuri namna ile, na sijawahi kukiogopa kitu namna ile, kwa sababu sasa zile nyingine tisa zilikuwa zinasema kweli.

Wanne walikuwa na mstari. Mwembamba, wa kweli, kama uzi. Watano hawakuwa na kitu.

“Wanne,” Daktari akanong'ona. “Wako hai kweli kweli, Bupe.” Machozi yalimtoka bila yeye kujali. Kisha akanikumbusha. “Umeamua?”

“Nitawaambia wote. Na ukweli wa nyuma pia.”

“Watakurarua.”

“Daktari, kuna mama pale nje ana binti wa miaka tisa aliyempa jina la mtu mwingine kwa sababu jina alilolitaka limelala humu. Kuna wanaume wamezeeka wanangoja. Tukisema mwaka huu, tutakuwa tumewaambia kwamba kungoja kwao kulikuwa na mtu upande wa pili. Wana haki ya kujua kwamba huenda hapakuwa na mtu. Hata kama inauma. Mimi ningetaka kujua.”

Nilisema ningetaka kujua kama mtu mwenye uhakika. Uhakika sikuwa nao.

Ukumbini walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, familia za safu ile, mvua ikipiga mabati. Nilisimama mbele yao na vazi langu jeupe, nikawaeleza habari za mbuzi, habari za maji, habari za njia ya kumi. Sikusema “tulikosea.” Nilisema niliiondoa mimi, kwa sababu ya mume wangu, na wengine walinifuata kwa wema. Mtu mmoja alikuwa akifungua na kufunga kifungo cha mwavuli wake.

Aliyesimama ni Ambokile, mwalimu mstaafu ambaye mkewe Lugano alilala akiwa na miaka thelathini. Anakuja kila mara amevaa tai.

“Ngoja nikuelewe, mama,” akasema. “Miaka kumi na moja umekuwa unanipa picha ya mbuzi?”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Mimi nimeipigia magoti picha ya mbuzi?”

“Ndiyo.”

“Nimekataa kuoa. Nimewaambia wanangu mama yenu anabisha hodi, ameshinda, ona mstari ulivyo mnene mwaka huu. Mstari ulivyo mnene!” Sauti ilimpasuka. “Kumbe siku hiyo walimnywesha zaidi!”

Watu wakaanza kulia na kupiga kelele. Mwanamke mmoja alinirushia mkungu mzima wa ndizi, ukaanguka miguuni pangu. Sikusogea. Ambokile aliinua mkono, na kwa kuwa ni mwalimu, walinyamaza.

“Na wa kwako?” akaniuliza. “Mstari wake wa kweli ukoje?”

“Sijui bado. Kipimo chake ni Alhamisi. Yuko kwenye foleni.”

Alinitazama. Kisha akanyoosha mkono apewe bahasha yenye picha yake. Nilimpa. Aliifungua pale pale, na mimi niliyejua kilichomo sikuweza kumwangalia.

“Hii ni ya kuku?” akauliza.

“Ni ya kuku.”

“Mbona ni mwembamba hivi?”

“Wa kweli ndivyo ulivyo, Mwalimu.”

Akakaa kwenye benchi, akaishika picha kwa mikono miwili. Jirani yake, aliyepata njia nyeupe, alimwegemea, na yeye akamshika bega. Hakunisamehe, na sikumwomba. Lakini alipotoka aliuokota mkungu wa ndizi miguuni pangu na kuuweka mezani.

*

Alhamisi mvua iliacha kidogo. Mama mkwe wangu aligonga kioo mapema kama kawaida yake. Safari hii sikutoka mpaka kamera ilipomaliza.

Njia ya kumi ilikuwa nyeupe. Njia ya sita ilikuwa nyeupe pia.

Niliangalia mara mbili, nikaongeza mwanga mpaka utando wote ukawa kijivu, nikitafuta hata uzi. Hapakuwa na uzi. Nikagusa neno Tuma. Kisha nikachukua picha, nikatoka nje.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi, kibuyu kati ya miguu yake. Nikakaa karibu naye.

“Mama, njia yake ni nyeupe.”

Hakuitazama picha. Nikakumbuka hapo kwamba hajawahi kuitazama hata moja. Mara zote ishirini na mbili nilimnyooshea picha na yeye akaikunja akaitia mfukoni macho yake yakiwa usoni kwangu.

“Umekula?” akauliza.

“Mama, nasema Gwakisa amekufa. Amekufa zamani, pengine wiki ile ile. Ni mimi niliye...”

“Nimekusikia, mwanangu. Mimi nilishamlia.”

“Lini?”

“Mwaka ule wa kwanza, nilipoligawa koti. Nilimshika paji la uso kabla hawajamfunika kile kioo. Nimewazika wanangu watatu, najua paji la uso linavyosema.” Alizungusha kibuyu taratibu. “Nilitoka nikaenda shambani kwenye migomba, nikalia kutwa, nikarudi.”

“Na hukuniambia?”

“Ulikuwa na karatasi. Nikuambie nini, na wewe una karatasi ya serikali?”

“Basi miaka yote hii, kila siku ya mstari, na mvua zote hizi, ulikuwa unakuja kutazama nini?”

“Nilikuwa nakuja kukutazama wewe,” akasema. “Nilijua iko siku utajua. Sikutaka siku hiyo utoke nje ukute hakuna mtu.”

Bado sikuweza kulia, kwa sababu kulikuwa na kitu kimoja nilichokuwa nimekibeba peke yangu muda mrefu mno, na nikaona kama sitakisema sasa nitakufa nacho.

“Aliniambia akirudi nimkumbushe, aniambie kitu. Asubuhi ile, mlangoni. Sasa sitakijua.”

Mama mkwe wangu aligeuka. Kwa mara ya kwanza nikaona midomo yake ikitetemeka, nikadhani analia, kumbe anacheka.

“Na wewe alikufanyia hivyo?” akasema. “Mimi aliniambia hivyo hivyo kila asubuhi tangu ana miaka saba, anakwenda shule. Mama, nikirudi nikumbushe nikuambie kitu. Nashinda nawaza. Jioni namuuliza, kitu gani, Gwakisa? Anacheka tu. Hakikuwapo kitu, mwanangu. Hakijawahi kuwapo. Alikuwa anataka mtu amngoje.”

Ndipo nikalia. Nililia kwa sauti, jinsi wanawake wa kwetu wanavyolia, mpaka Daktari Asajile akatoka mlangoni na kurudi ndani. Mama alinishika kichwa kifuani pake na kunituliza kama mtoto. Nilipokwisha, alizibua kibuyu, akanipa maziwa, nikanywa.